Sekunde Mbili Anazoziomba Shemeji

Jumanne, tarehe 9 Juni. Asubuhi mawingu mazito na manyunyu, halafu jua kali ghafla.

Mpendwa mshauri, nisamehe kuanza na hali ya hewa, ndivyo ninavyoandika shajara yangu kila siku na mkono umeshazoea, lakini naomba msaada wako upesi maana nina furaha ambayo sina pa kuiweka.

Nimesoma hadi kidato cha nne, nimeolewa, na kazi yangu ni kupima kiini cha mfumo wa kompyuta, yaani ile programu ya ndani kabisa inayoiamsha mashine na kuzigawia programu nyingine kazi, na kiini chetu kinakwenda kwenye pampu za dripu zinazotumika mawodini. Kabla ya kila jaribio kuna maandalizi, unaamsha mashine, unapakia kipande kinachoongea na pampu, unafungua njia ya kupitishia vipimo, ndipo jaribio lianze, na yote hayo tulikuwa tunayafanya kwa mkono, mtu anaandika agizo, anasubiri, anapiga miayo, anaandika jingine. Nikachoka. Nikajifunza kidogo kidogo wakati wa chakula cha mchana, nikaandika skripti, maagizo yote nimeyapanga kwenye faili moja ili kompyuta ijiandalie yenyewe, nikabonyeza mara moja tu, na mshauri, maagizo yalishuka kwenye kioo kama mvua ya mawe! Halafu mashine ikaganda tuli.

Wenzangu walicheka hadi machozi. "Umeiua! Hukusikia kwamba mwenda pole hajikwai?" Nikaizima, nikaiwasha, nikarudia, ikaganda. Nikafanya kwa mkono, ikaenda vizuri. Nikahamia mashine nyingine, hali ile ile, na hapo moyo ukaanza kunidunda, kwa sababu skripti ilikuwa inatoa maagizo yale yale kwa mpangilio ule ule, tofauti ni kwamba yenyewe haipigi miayo. Kiini kinaitikia "tayari" kabla hakijawa tayari, na sisi kwa uzito wa vidole vyetu tulikuwa tunakipa muda wa kujiweka sawa bila kujua! Niliruka mpaka kiti kikaanguka.

Shida ni kwamba sehemu hiyo ya kiini imeandikwa na shemeji yangu, kaka wa mume wangu, ambaye ndiye aliyenitafutia kazi hii, na toleo jipya la kiini likitoka mwisho wa mwezi bila doa atapandishwa kuwa mkuu wa kitengo. Nilimwita nimwonyeshe nikidhani atafurahi kama mimi. Akatazama kioo, akafunga mlango.

"Shemeji, nani mwingine ameona?"

"Wameona wote, lakini wanadhani ni skripti yangu mbovu."

"Waache wadhani. Hapo katikati weka agizo la kusubiri. Sekunde mbili tu."

"Si tutakuwa tunaficha?"

"Tunaficha nini? Mkono wako ulikuwa unasubiri, na skripti isubiri. Au siku hizi umeshakuwa mhandisi, nikuamkie?"

Nimezijaribu hizo sekunde mbili kwenye nakala ya pembeni na kweli majaribio yote yanapita, kijani tupu juu hadi chini. Mume wangu nilipomweleza alisema, "Malizaneni huko huko kazini, mimi hapa nyumbani nataka chai na amani." Mkuu wetu anataka skripti ianze kutumika rasmi kabla ya toleo. Niziweke, nisiziweke? Na je, ni vibaya kwamba kila nikikumbuka ile mashine ilivyoganda natabasamu peke yangu?

Mpimaji.

Nimeongeza asubuhi: nililala saa saba na robo usiku, nikiiwaza hiyo mashine.

JIBU

Mpimaji, hongera. Sasa okota kiti ukae unisikilize.

Mimi kompyuta naiwasha huku nikiiombea, lakini nimeuguza watu wodini. Umeme hukatika, ukarudi, na pampu ikajiwasha yenyewe. Niambie, saa hiyo ni nani anayeiandikia maagizo kwa mkono? Hakuna. Inajiandaa yenyewe mbio mbio, kama skripti yako. Umeandika barua ndefu namna hii na hilo hukuliona? Furaha ilikuziba macho. Sekunde mbili za shemeji yako zitabaki kwenye chumba chenu cha majaribio, mgonjwa hatazipata.

Kwa hiyo usiziweke.

Lakini nawe una lako. Ulimwita mtu kumwonyesha kwamba shati lake limechanika mgongoni, huku unapiga makofi. Ulitaka akushangilie? Huyo si mtu mbaya, ameshikwa na hofu, na mwenye hofu huokota jibu la karibu. Alikutafutia kazi ya kupima, basi pima. Fadhila yake utailipa kwa kumkinga asije akaitwa siku moja kueleza kwa nini pampu iliganda mtu akiwa kitandani.

Nenda kwake asubuhi kabla wenzako hawajaketi. Usiende na kicheko. Mweleze habari ya umeme kukatika, kisha mwombe akifunze kiini chake kusema "tayari" kikiwa tayari kweli, nawe utakipima kwa skripti yako mpaka kikome kuganda. Mwende kwa mkuu pamoja, na aanze kusema yeye. Akikataa, mwambie usoni, "Shemeji, mimi nakwenda," kisha uende kweli, siku hiyo hiyo. Usimzunguke, na usimngoje.

Mumeo mwambie chai iko jikoni. Amani atapata akikusindikiza kwa kaka yake jioni, maana huko kutahitajika ndugu.

Kutabasamu si vibaya. Umeona kilichowapita watu wengi, na hiyo ni raha halali. Ila raha hiyo ina muda wake, na toleo lina tarehe. Kama hadi unasoma hapa hujaenda, likunje gazeti hili uende.