Sculeni Mbili, Mokambo Mbili

Kwa ndugu yangu mudogo Ngoy, kule Mokambo ya Zambia,

Mie niko muzima, baridi tu ndiyo inanichokoza hapa ugenini Koekelberg. Binti yangu Inès sasa ananipita urefu. Alors, acha nikuambie kitu kilichonishangaza.

Kwenye nyumba ya wazee ninamotumika, niko jikoni na wamama wawili, Ileana wa Rumania na Galina wa Moldova. Jana, tukimenya viazi, walivumbua kama wote wawili wanatoka Sculeni. Kumbe Sculeni ziko mbili, mto unapita katikati, na zamani askari wa mpaka walikataza watu kusemezana toka ng'ambo hadi ng'ambo. Donc bibi zao walikuwa wanaimba. Wanafua nguo mtoni, wanaimba kama wimbo wa kazi tu, lakini ndani yake wanataja nani amekufa na nani amezaliwa, na ndugu wa ng'ambo wanasikia.

Galina akaanza kuuimba polepole. Ileana akaweka kisu chini, akaumalizia. Ee Ngoy! Viazi nilivisahau.

Bon. Wewe, tangu ugombane na papa, hauvuke tena mpaka kurudi nyumbani, Mokambo ya upande wake. Hata maman alipokufa haukuvuka. Lakini siku ya matanga, papa mwenyewe alisimama akageuza viti vya kwaya, vikatazama Zambia, ndipo wakaimba. Sikuelewa. Sasa naelewa.

Niambie tu kama ulisikia.

Dada yako,
Alphonsine