Taa ya ABS

Jumatatu, 7 Aprili
Mvua tangu alfajiri. Nimempeleka Mama kliniki ya macho Meru, kama kawaida. Kwenye mteremko wa Nithi nilikanyaga breki, magurudumu yakajifunga, gari likateleza kama sabuni hadi ukingoni mwa barabara. Mama, ambaye haoni vizuri, aliuliza kama tumefika. Nikasema bado.
Gari hili lina ABS. Kazi yake ni kuzuia magurudumu yasijifunge. Mbona yamejifunga?

Jumanne, 8 Aprili
Asubuhi nimewasha swichi nikakodolea macho dashibodi. Taa zote huwaka kidogo halafu zinazima. Ya ABS haikuwaka kabisa. Nikarudia. Giza. Mwezi jana ilikuwa inawaka, nakumbuka. Tangu hapo ni Njeru, mume wangu, aliyelipeleka gari sevisi.
Nimemuuliza. "Ni balbu imeungua tu, Mama Muthoni," akanijibu. Hakuinua macho kutoka kwa simu.
Simwamini.

Alhamisi, 10 Aprili
Njeru ameosha gari mwenyewe. Hajawahi. Kisha akalipiga picha kila upande. Akaongea kwa simu uani akiwa amenipa mgongo, nilipotokea akakata. Mwanamke? Mwanamke atataka picha za gari za nini? Nachukia kumchunguza mtu ninayelala naye.

Ijumaa, 11 Aprili
Nimelipeleka kwa Fundi Mwaniki, hapa mtaani Dallas. Alifungua dashibodi. Taa ya ABS imezibwa kwa kipande cha tepu nyeusi. Akakibandua. Taa ikawaka, ikakataa kuzima. Sensa ya gurudumu la mbele imekufa, akasema, ndiyo maana ABS haifanyi kazi.
"Hii tepu haikujiweka. Ama mnauza gari?"
Nikakumbuka zile picha.
Amebadilisha sensa. Akanifundisha: nikikanyaga breki kwa nguvu pedali itatetemeka, nisiogope, nisitoe mguu. Niendelee kukanyaga huku nikikata usukani.

Jumamosi, 12 Aprili
Mnunuzi ametoka Maua na mkewe, mjamzito. Njeru ameniambia wakiwa tayari getini. Nikawapa chai, nikangoja wamalize. Halafu nikasema yote mbele ya Njeru: sensa ilikufa, taa ikazibwa, mimi nimetengeneza jana, wamuulize fundi.
Mgeni alimgeukia Njeru. "Uliniambia haina shida yoyote."
Njeru akasema alisahau. Mke akamvuta mumewe shati. Wakaenda.
"Umeniaibisha," Njeru akaniambia. Nikamuuliza kama alijua, Jumatatu ile, kwamba nashuka Nithi na Mama kwenye mvua. Akasema alijua. Alidhani nitaendesha polepole.
Heri ningalivumilia mwanamke mwingine kuliko hilo.

Jumapili, 13 Aprili
Kanisani tumekaa benchi moja. Nimeweka mkoba wangu katikati yetu.

Jumatatu, 14 Aprili
Kliniki tena. Mvua tena. Tukipita Chuka, ng'ombe aliruka barabarani. Nilikanyaga kwa nguvu zote. Pedali ikapigapiga chini ya mguu kama kitu kilicho hai. Sikutoa mguu. Nikakata usukani, gari likatii, tukampita.
"Barabara imeharibika hapa," Mama akasema.
"Ndiyo, Mama."
Daktari anasema jicho la kulia linaendelea vizuri.
Nimerudi nikakuta Njeru amepika mukimo. Umeungua kidogo. Nimekula. Funguo za gari ziko kwenye mkoba wangu, na hajaziulizia.