Sungura Waliochelewa

Korogwe, 3 Machi

Dada Fatu,

Shikamoo. Mimi mzima, nanenepa tu. Mzee na presha yake wanaendeleaje hapo Handeni?

Kuanzia leo mniite daktari. Ndiyo, mimi Sabiri niliyeishia kidato cha pili! Hapa kazini tunajaribu dawa ya kiharusi kwa sungura. Tunamwekea damu iliyoganda kwenye mshipa wa kichwani, analala upande mmoja, miguu imekufa. Tunamchoma dawa, damu inayeyuka, jioni anatafuna kabichi kama mgeni wa harusi. Mwambie Mzee asihangaike, kiharusi kikimgusa anipigie mimi.

Mdogo wako

Handeni, 11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Tu wazima, ila Mzee umemharibu. Nilimsomea ujumbe wako, kautangaza mpaka msikitini. Vidonge vya presha kaacha kabisa. "Vya nini, na mwanangu anafufua sungura?" Mimi nakujua, hata kuku ulikuwa unawahesabu vibaya. Niambie kweli: hiyo dawa unayo?

Dada yako

Handeni, 2 Aprili, saa moja asubuhi

Sabiri, hukunijibu. Sasa jibu! Mzee katoka kuswali, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia unaning'inia. Jirani yetu Kibwana kaleta bajaji, Mzee kagoma, kang'ang'ania kitanda kwa mkono mmoja. Anakusubiri wewe. Napiga, hupokei. Leta dawa.

Dada

Korogwe, 2 Aprili, saa nne na nusu

Dada, kwenye banda la sungura simu marufuku, ndiyo natoka. Msinisubiri! Mbebeni hata kwa nguvu. Dawa sina, sijawahi kuishika. Mimi nafagia vizimba. Anayechoma sindano ni mtaalamu wetu, dada Yuditha, tena huku anatazama saa. Sungura waliochelewa kuchomwa sikukuandikia: dawa ileile iliwavujisha damu kichwani, wakafa. Niliwapeleka tanurini mimi. Msomee Mzee, mwambie mwanawe mwongo.

Mdogo wako

Handeni, 20 Aprili

Mdogo wangu,

Hatujambo kiasi. Nilimsomea mara mbili. Alicheka kwa nusu ya mdomo, akaonyesha barabara ya Korogwe. Tulimbeba saa sita, watu wanne. Daktari aliuliza kimoja tu: kilianza saa ngapi? Tulipotaja, akaweka kalamu chini.

Karudi nyumbani. Mkono umekufa, maneno hayatoki. Vidonge anavitema, na daktari kasema akipigwa tena hatuna mtu. Anaelekeza kidole Korogwe, kisha anaziba mdomo: anaamini dawa unayo, ila wakubwa wako wamekukataza kusema. Basi likipiga honi anataka nimvalishe kanzu.

Dada yako

Korogwe, 23 Aprili

Dada Fatu,

Shikamoo. Nimeshindwa kula. Nimeomba ruhusa, Ijumaa nafika. Maneno yangu hayaamini, basi nakuja na ovaroli ya kazini, na mavi ya sungura yake, sifui. Abiria wa basi watanisamehe. Nitakaa karibu yake ainuse mpaka aelewe. Kisha kidonge nitampa mimi. Akinitemea usoni, usimzuie.

Mdogo wako