Bunduki Si Sare ya Shule

…basi nilimkubali, mpendwa Mama Josephine, kama ulivyonisihi kwenye safu yako mwaka jana niliposita kuolewa na mwanaume mwenye mtoto, na leo niko wiki ya saba kwenye ndoa na bado nikisikia gari la Severin likiegeshwa nje nakimbilia kioo kana kwamba ndiyo kwanza tunajuana, yeye anatoka ghalani alikoshinda akipakia maboksi, ananuka gundi na karatasi na mimi naona ni marashi, na asubuhi ananichemshia chai ya tangawizi kabla sijaenda zamu yangu ya kutunza wazee, kwa hiyo usidhani naomba msaada kwa sababu ya mume, mume nimepata, naomba msaada kwa sababu ya bunduki.

Usishtuke, hakuna aliyetishiwa. Severin ana binti, Gift, miaka kumi, mdogo wa umbo hata kwa umri wake, mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minne, na tangu tulipojuana alikuwa na adabu ya mgeni wa hoteli, asante Miss Witness, samahani Miss Witness, kama ninayemfundisha hesabu, na mimi nilijaribu kila kitu, chapati, kusuka nywele, hata kupaka rangi kucha za mdoli, lakini moyo wake ulibaki umefungwa kama duka siku ya Jumapili.

Sasa ikaja send-off yangu, ya kuniaga kabla ya harusi, kule Columbus, nyumbani kwa mama mdogo, na wewe unawajua MC wetu, akishika maikrofoni hakuna bibi harusi aliyewahi kufeli mtihani wala kuunguza wali. MC wetu aliitwa Clinton. Marehemu baba yangu alikuwa karani wa ofisi ya wanyamapori Arusha, kazi yake kugonga mihuri kwenye vibali, lakini Clinton akamfanya mwindaji mkuu, kisha akanigeukia mimi akasema, "Na huyu mnayemwona amekaa kimya kama maji ya mtungini, akiwa na miaka tisa alimwangusha bata maji angani, risasi moja tu! Severin, ndugu yangu, ukichelewa kurudi nyumbani, rudi umeinua mikono!" Nyumba ikalipuka vigelegele, na mimi nilipaswa kutikisa kichwa, lakini bibi harusi hatikisi kichwa kwenye send-off yake, nikainamisha macho nikatabasamu, na watu wakaona ni unyenyekevu wa mtu anayejua kuua.

Gift akaacha chipsi zake, akaja hadi mezani kwangu, macho makubwa, akaniuliza kwa Kiingereza chake cha shuleni kama ni kweli, na mimi nikamjibu, "Kidogo." Mama Josephine, ni hilo neno moja limenifikisha hapa.

Kwa sababu silaha pekee niliyowahi kuishika maishani ni manati, nayo nililenga kunguru nikampiga jogoo wa mchungaji, jogoo akachechemea wiki nzima na mimi nikapelekwa kuomba radhi nikiwa nimembeba jogoo mwenyewe kifuani, ananidonoa njia nzima. Na mimi naogopa milio, siku ya harusi hapa Louisville puto lilipasuka wakati tunaingia ukumbini nikajikuta nimezama ndani ya koti la Severin, veli na kila kitu, hadi Gift aliyeshika mkia wa gauni langu akauachia akakaa chini kwa kucheka.

Lakini kila jioni anataka hadithi ya bata maji, na mimi kwa mapenzi naongeza, sasa kuna upepo mkali, kuna mto, na bata wamekuwa wawili. Wiki mbili zilizopita nilimsindikiza kwenye kituo cha basi la shule, akamwambia mwenzake, "Mama yangu anaweza kumpiga bata akiwa anaruka." Mama yangu. Basi liliondoka nikabaki nalia pale barabarani na sare zangu za kazini, hadi dereva wa gari la takataka akaniuliza kama niko salama.

Sasa darasani kwake watoto wengi huenda kuwinda kulungu na babu zao, na nje ya mji kuna klabu inayofundisha watoto kulenga shabaha, Gift ameomba ajiunge, na siku yao ya kufungua ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, kila mtoto na mzazi wake na bunduki yake, na mzazi anayejua anakaribishwa kupiga risasi ya kwanza. Severin nilipomuuliza tununue bunduki gani alicheka, kicheko kimoja hivi ambacho sijakielewa, akasema, "Mwindaji wa nyumba hii ni wewe, komandoo wangu. Mimi najua maboksi. Chagua."

Nikaenda dukani na Rugaba, aliyekuwa msimamizi wetu wa harusi, Gift nikamwacha nyumbani makusudi, nikihofia ataniona ninavyoishika bunduki kama ninayeshika nyoka. Mwenye duka, mzee wa Kizungu mwenye ndevu nyeupe, alinionyesha vibunduki vifupi vyepesi, lakini Rugaba akanivuta pembeni, "Shemeji, hicho atakitumia mwaka mmoja. Mtoto ananunuliwa kubwa, akue nayo. Sare yako ya darasa la kwanza haikuwa inafika vifundoni?" Nikakumbuka kweli, sweta langu la darasa la kwanza lilinifikisha la nne, nikaona ana hekima, naye akanionyesha bunduki kubwa ya kuwindia kulungu, ndefu, nzito, mtutu wake unang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Mzee akatikisa kichwa akauliza, "Mtoto yuko wapi?" nikasema yuko nyumbani, akanitazama kama ninayenunulia viatu miguu nisiyoijua. Pembeni pale kulikuwa na nyingine fupi ya rangi ya waridi, Mama Josephine, waridi ile ile ya send-off yangu, na moyo wangu ukaenda huko. Zote mbili ametuwekea hadi Jumamosi hii.

Nimewaza nichukue mojawapo, niifunge kwa kitenge changu cha send-off, niifiche chini ya kitanda chetu hadi siku ya klabu nimshtukize Gift. Jirani yetu Nyirabeza, mama wa Kikongo kutoka milima ya Kivu, nilipomsimulia alishika kiuno. "Bon, Mama Gift. Sisi tulikimbiaka bunduki, donc wewe uko unatafuta bunduki ku magazin, tena uko unachagula na rangi!"

Niambie basi, kubwa ya kukua nayo au ya waridi? Na je, mtu anaweza kujifunza kulenga kwa wiki tatu bila mtoto wake kujua? Maana siku akijua mimi ni mtu wa manati, nahofia nitarudi kuwa Miss Witness, na hilo sitaliweza.

Ni mimi Witness, mke wa Severin, nimeandika hivyo kwa sababu napenda kuliona jina hilo,
Iroquois, Louisville

*

Witness, mke wa Severin,

Hongera, na sasa kaa chini.

Huyo Clinton ni mtoto wa dada yangu. Kwenye harusi moja hapa Buffalo alinitangaza kuwa niliwahi kuimba mbele ya marais watatu, na tangu siku hiyo kila Pasaka naombwa kuimba peke yangu kanisani. Kwa hiyo nakuonea huruma ya ndugu. Ila Clinton alidanganya usiku mmoja akalipwa kwa soda na pilau. Wewe umeendelea wiki saba, na umemwongeza bata wa pili bila kuombwa na mtu.

Tuanze na bunduki, maana hapo ndipo mtu anaweza kuumia. Sweta kubwa hukunjwa mikono. Kitako cha bunduki hakikunjwi. Mimi nilipita JKT baada ya kidato cha sita, kuruta mwembamba kama ufito, nikakabidhiwa bunduki iliyotengenezwa kwa bega la mwanaume. Nilinyoosha shingo kama twiga kutafuta pa kutazamia, nikafyatua, ikanipiga teke, nikaanguka. Afande akaikagua karatasi yangu ya shabaha, hakuona tundu hata moja, akaniuliza nilikuwa nalenga mkoa gani. Bega lilipona baada ya siku kumi. Kufumba macho kabla ya kufyatua hakukupona hadi namaliza mafunzo. Ukimpa Gift bunduki ya kulungu, somo la kwanza atakalojifunza ni kuogopa, na hilo huingia haraka kuliko mengine yote.

Chukua ndogo, ya risasi nambari ishirini na mbili, ile nyembamba isiyo na teke, inayobeba risasi moja tu, ili kila risasi aiweke kwa mkono wake na aifikirie. Kitako kiwe kifupi. Aiweke begani, shavu lilale juu yake bila kunyoosha shingo, kidole kifike kwenye kifyatuo bila kuhangaika, na aweze kuishika imetulia huku akihesabu hadi kumi. Mikono ikianza kutetemeka akifika sita, ni nzito, irudishe. Darubini ya kulengea iacheni kwanza, ajifunze kwa jicho lake. Akikua, mtauza hiyo mnunue nyingine, watu hufanya hivyo kila siku. Na ile ya waridi, kama inamfaa, haya, iwe waridi. Kama inakufaa wewe na send-off yako, iache dukani. Rugaba mwambie anunue viatu vyake namba kumi na tano, akue navyo.

Chini ya kitanda? Thubutu! Bunduki haifungwi kwa kitenge na haifanywi zawadi ya kushtukiza. Inakaa kwenye sanduku la chuma lililofungwa, risasi zinakaa kwingine, nazo zimefungwa, na funguo ziko kwako na kwa Severin tu. Nunua sanduku kabla ya bunduki. Nunua viziba masikio na miwani ya kukinga macho, jozi mbili, kwa sababu na wewe utakuwa pale. Na Gift asiguse risasi hata moja kabla hajaweza kukuambia bila kusita kwamba kila bunduki ihesabiwe ina risasi, mtutu hauelekezwi kwa mtu hata kwa mzaha, na kidole hakiendi kwenye kifyatuo mpaka ameamua kupiga.

Nyirabeza hakuwa anakutania. Yeye milio hiyo hakuisikia kwenye puto. Nenda kwake na chai, umweleze itakaa wapi na nani ana ufunguo, kabla haijaingia mlangoni. Jirani wa namna hiyo anastahili kujua.

Sasa hilo la moyo. Umeandika barua ndefu, mwanangu, lakini hukuisoma. Puto lilipopasuka Gift alikuwa wapi? Umesema mwenyewe, alikuwa nyuma yako ameshika gauni. Mtoto wa miaka kumi amemwona mwindaji mkuu akizama ndani ya koti la bwana harusi kwa sababu ya puto, akacheka hadi akakaa chini. Unadhani hajui? Na mumeo unadhani anacheka nini? Wiki tano baada ya puto hilo ndipo Gift akakuita mama mbele ya mwenzake. Hakumwita yule wa risasi moja. Alimwita huyo aliyemwona, anayekaa kila jioni kumtungia mto na upepo.

Lakini hilo halikuokoi. Mwambie. Usimwache akubebee uongo wako mbele ya darasa zima, ni mzigo mzito kuliko bunduki ya Rugaba. Yule mzee wa dukani alikuuliza swali moja la maana, mtoto yuko wapi, nawe ukampa jibu la aibu. Jumamosi hii jibu liwe, "Huyu hapa." Mwambie mkiwa garini mnaelekea dukani, wote mnatazama mbele, ni rahisi zaidi. Anza na jogoo. Usimrembe jogoo, usimwongezee wa pili, mbebe kifuani kama ulivyombeba, anakudonoa njia nzima. Akikasirika, mwache akasirike hadi mfike. Kisha mwambie aichague mwenyewe, wewe shika mlango. Siku ya klabu mwambie mwalimu wao kwamba mzazi naye ni mwanafunzi. Atafurahi, wanaojua sana humsumbua zaidi. Na ya kwanza apige mwalimu.

Mwisho wa mwezi huu nateremka Columbus kumvuta Clinton sikio, na kutoka pale kuja kwenu ni kipande cha asubuhi tu. Kabla mwezi haujaisha nitabisha hodi. Usinipikie, na usinitolee picha za harusi. Nataka Gift ndiye anifungulie, anishike mkono hadi kwenye kochi, anisimulie yeye habari ya jogoo wa mchungaji. Nitakuwa nasikiliza anakuitaje akifika mahali pa kudonolewa.