Bibi Minza Hakuwepo Harusini

Jumamosi, Bariadi. Mawingu tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Naandika haraka hadi nakosea herufi. Niko intaneti kafe, nasubiri gari la kunirudisha Nkoma.

Naogopa. Naogopa sana, na kilichoniponza ni mdomo wangu mwenyewe.

Juzi tulikuwa msibani kwa baba mdogo. Mwanawe Masanja amefariki, baada ya kuumwaumwa tangu harusi ya kaka yangu mwaka juzi. Watu walikuwa kimya mno, nikaona niwachangamshe kwa habari za harusi ile. Jamani, mwaka ule! Wanunuzi binafsi walikuwa wakigombania pamba yetu hadi wanaifuata mlangoni, na baba akachinja ng'ombe bila kuguna. Sijawahi kufurahi vile. Nikasimulia yote: ngoma, vumbi, na Bibi Minza na kibuyu chake, akiwagawia watoto maziwa, hadi Masanja.

Baba mdogo akaniuliza taratibu, "Una hakika ni yeye?"

"Baba, naona kama jana!"

Sikujua kwamba mganga ameshamwambia amtafute aliyempa mtoto maziwa harusini.

Bibi Minza ni mke mdogo wa marehemu babu, na ndiye aliyenilea. Anaishi peke yake, macho mekundu kwa moshi wa jikoni. Huku kwetu bikizee wa namna hiyo akishatajwa kuwa mchawi, panga halichelewi. Sitii chumvi.

Jana nikiondoka kuja huku mjini, mama akanivuta pembeni. "Kabula, siku ile bibi yako si alikuwa Lamadi, anamuuguza dada yake? Nyama yake si ulimpelekea wewe?"

Kweli kabisa. Nilimpelekea kesho yake, na mfuko ukavuja damu kwenye gauni langu la harusini. Kile kibuyu ni cha utotoni mwangu. Nadhani nilivyofurahi siku ile, nikamweka kwenye kumbukumbu hiyo kila ninayempenda.

Kesho ukoo unakaa kujadili kifo hicho. Nitasimama niseme nilikosea. Watasema namkingia kifua mlezi wangu.

Lakini hilo silo linalonikata pumzi. Asubuhi hii mama alikwenda kumuonya Bibi, kisha akanipigia simu. Alimuuliza kama anakumbuka alikuwa wapi siku ya harusi. Bibi akatabasamu.

"Nilikuwepo, mayu. Niliwagawia watoto maziwa. Masanja akamaliza kikombe, akaomba tena."

Hayo ni maneno yangu. Kila nikienda kumsalimia nilimsimulia harusi ile. Mwanzoni alikataa, akasema hakuwepo. Nikambishia huku nacheka, "Ulikuwepo bwana, umesahau tu!" Naye alikuwa akifurahi kusikia.

Sasa anakumbuka. Na Bibi yangu hajui kusema uongo, akiulizwa atajibu.

Gari limefika. Ee Mungu, nitamkuta kabla hawajamuuliza?