Mchungaji Aliyezikwa Mapema

Mpenzi Ambrose,

Maua ya njano yamechanua tena hapa bondeni Swaledale, Uingereza, na Clem bado anatuuzia bia vuguvugu na kuiita desturi. Daktari anasema sitaishi hadi tamasha la Agosti. Basi nikuambie nililoficha tangu ulipohamia Kanada.

Wajua kilabuni kwetu, kwa waimbaji wa nyimbo za kale, wimbo ni wa mwimbaji wake. Mwingine haugusi mpaka apewe. Ulipoondoka uliniachia wako, ule wa mchungaji wa kondoo, nimpe nimtakaye. Sikumpa mtu. Nilisema hawauwezi. Kweli ni kwamba nilikupenda, nikaogopa kuusikia kwa sauti nyingine.

Jumanne Clem alinitania mbele ya wote: "Bi Hilda, wimbo si jibini. Ukiufungia kabatini hauzidi utamu!"

"Basi imba wewe, mzee mkaidi," nikamwambia. "Nimekupa."

Aliweka glasi chini, akafumba macho, akaanza. Unakumbuka ulivyozoea kuchanganya beti, mchungaji akazikwa kabla hajaoa? Clem naye alimzika mapema. Nikangoja watu wacheke. Hawakucheka. Chumba kizima kiliitikia kwa nguvu, kisha kikamfungisha marehemu ndoa kwa shangwe, maana wote walijifunza kwako. Nikalia kwa raha, Ambrose. Ulikuwemo katika kila sauti.

Niambie kama nawe ulinipenda. Ukichelewa kujibu, usihuzunike. Katika wimbo wetu mtu huzikwa kwanza, harusi hufuata.

Wako, hata kama hukujua,
Hilda