Mama, Wasichana Wako Bado Wanacheza Chesi

Mpendwa mama mkwe,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini tangu siku nilipoingia nyumbani kwako sijawahi kuanza mazungumzo nawe bila kukuamkia, na sioni sababu ya kuacha leo.

Nakuandikia mbele za watu kwa sababu wewe hukupenda mambo ya kunong'onezana. Hata chumvi ikizidi kwenye mchuzi wangu, ulinitangazia ukiwa barazani nami nikiwa jikoni, na mtaa wetu mzima wa Rasbura ukajua. Mwanzoni niliumia sana. Kwetu Rondo nimekulia kwenye nyumba ya watu wa sauti ndogo, nikadhani mama mkwe wangu amenichukia kabla hajanijua. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ulimpigia kelele kila unayempenda. Uliyemchukia ndiye uliyemnyamazia.

Leo nataka tukumbuke chesi. Wewe uliiita sataranji, na mwanangu Hawa alipokusahihisha ulimwambia mchezo ni uleule, atulie acheze.

Unakumbuka ilivyoanza? Mwalimu mgeni alikuja shuleni kwao Hawa na ubao wa plastiki unaokunjwa kama mkeka, akawafundisha darasa zima, wasichana na wavulana. Mwanangu akapagawa. Alikula huku akichora miraba kwenye ugali kwa kidole. Mwalimu aliwaruhusu kwenda na ubao nyumbani kwa zamu, lakini baada ya masomo mchezo wenyewe ulikuwa pale kwa kinyozi, ambako wavulana walikusanyika wakisubiri kunyolewa au wakisingizia kusubiri. Siku moja Hawa alijikaza akaenda kuomba zamu. Alirudi mapema, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa uani.

Ulikuwa unakuna nazi. Ukamwita kwa lile jina lenu, kwa kuwa alipewa jina lako.

"Somo, kimekupata nini?"

"Wamesema chesi si ya wasichana. Eti nikacheze rede."

"Kwani rede huipendi?"

"Naipenda. Na chesi naipenda."

Ukainuka kwenye mbuzi, ukafuta mikono kwenye kanga. "Kalete huo ubao. Nifundishe mimi."

Hawa alikutazama kama mtu aliyesikia vibaya. "Wewe, bibi?"

"Mimi ni mvulana?"

Mama, mimi nilikuwa dirishani na nilicheka hadi nikaunguza vitunguu. Lakini kicheko kiliniisha nilipokuona umekaa kwelikweli, umekunja miguu, umeinamia ubao, mtu mzima mwenye wajukuu, unamuuliza mtoto wa darasa la nne, "Huyu naye anakwenda wapi?" na mtoto anakueleza, nawe unarudia polepole. Tangu niwajue watu wazima, sijaona mwingine aliyekubali kuwa mwanafunzi wa mtoto bila kuona haya.

Na jinsi ulivyokuwa mchezaji mbaya! Uliwaonea huruma askari. Hawa akila mmoja, ulilalamika, "Kosa lake nini huyu, si alikuwa anapita tu?" Malkia ulimficha nyuma asipigwe na jua. Farasi ulimwogopa moja kwa moja, ukasema mnyama anayekwenda mbele halafu anakata kona hafai kuaminiwa. Ulifungwa jana, ukafungwa leo, na kila ukifungwa ulipiga makofi ukawatangazia wapita njia: "Jamani, somo yangu kanifunga tena!" Watu wakaanza kusimama. Sasa naelewa ulichokuwa unakifanya. Kule kwa kinyozi mtoto alifukuzwa mbele ya watu, basi nawe ukamsifu mbele ya watu.

Baadaye ukaniita pembeni. Kwa mara ya kwanza nilikuona na wasiwasi.

"Mama Hawa, huyu mtoto amenizidi. Ananifunga huku anapiga miayo. Atachoka nami, na akichoka ataacha. Anataka wenzake."

"Wavulana hawamtaki, mama."

"Nani kasema wavulana? Mtaa huu una wasichana tele."

Ukajifunga kanga ukatoka nyumba hadi nyumba, nami nikikufuata kwa sababu uliniambia nikufuate. Kila mama alikuwa na jibu. Wa kwanza alisema bintiye ana kazi, korosho za kubangua zimejaa, hana nafasi ya kukaa kuchezea vijiti.

"Mlete na korosho zake," ukamwambia. "Tutabangua wote, zitakwisha upesi, halafu wacheze."

Mwingine alikuwa na mchele wa kuchagua. Ukamwambia bintiye aje nao na ungo. Jirani yetu mama Salma ndiye aliyekubana zaidi. Alikwambia kwa upole, kama mtu anayekutakia mema, kwamba amesikia mchezo ule ni wa kamari, na kwamba mtu wa swala tano kama wewe asijitie humo.

"Kamari ni ya kuwekeana kitu," ukamjibu, nawe kwa upole. "Kwangu anayeshindwa anapanga kete upya, basi. Na adhana ikilia, mfalme na watu wake wote wanasubiri. Njoo ukae utazame mwenyewe."

Alikuja, mama. Alikaa kwenye kona ya baraza amekunja uso, na kabla ya Alasiri alikuwa anamwonyesha Salma wake kwamba ngome yake iko wazi.

Hivyo ndivyo Jumamosi zetu zilivyopatikana. Wasichana walikuja na nyungo na sufuria na wadogo zao mgongoni. Kwanza kazi, mikono yote pamoja, halafu ubao wa shule na mwingine ambao mwenye duka la vitabu mjini alikuagizia kutoka Dar baada ya wewe kumsumbua sana. Hukuwataka wakae kama kwenye mtihani. Uliwachemshia mihogo, ukawaruhusu waimbe, wataniane. Akiwa kimya mmoja ulimuuliza, "Mbona huna kelele, unaumwa?" Mwalimu wao alipita siku moja akakwambia kwa heshima kwamba chesi huchezwa kwa utulivu. Ukamjibu, "Utulivu watajifunza kwako, mwalimu. Hapa kwangu waipende kwanza." Alicheka, na tangu hapo akawa anapitia kila alipopata nafasi.

Kisha likaja suala la Kilwa. Shule zilialikwa Kilwa Masoko kushindana, na mwalimu akamchagua Hawa, msichana peke yake kwenye timu. Ingebidi walale huko. Mume wangu, mwanao Hasani, akakataa. Hakugomba. Alisema tu, "Mama haendi," maana bintiye aliyebeba jina lako alimwita mama, kisha akaendelea kula. Hawa aliweka kijiko chini akatoka. Mimi nilijua uamuzi wa mume wangu ulivyo, nikamwongezea mchuzi.

Wewe ulisubiri amalize kula. Ukamnawisha mikono mwenyewe, jambo ambalo hukulifanya siku zote, na Hasani akashtuka.

"Hasani baba, unaogopa nini?"

"Safari ni ndefu, mama. Mtoto wa kike, kulala ugenini, timu ya wavulana. Watu watasema."

"Watasema nini?"

"Sijui. Watasema."

"Mimi nimeolewa nina umri mdogo, unajua. Nilipotaka kwenda hata kwa shangazi yangu, niliambiwa watu watasema. Nimezeeka sasa, Hasani, na mpaka leo sijawasikia hao watu walitaka kusema nini." Sauti yako ilikuwa chini, na ndiyo maana sote tuliogopa. "Huyu mtoto unamwita mama. Basi mfanyie ambalo ungependa mimi mama yako ningefanyiwa. Na kama unaogopa kulala ugenini, nitakwenda naye. Nitalala mlangoni."

Hasani alisogeza sinia pembeni. Halafu akauliza basi linaondoka saa ngapi.

Tulikwenda watatu, wewe, mimi na Hawa, pamoja na mwalimu na wavulana wake. Ulizungumza tangu stendi ya Lindi hadi Nangurukuru, na tulipokata kuelekea Masoko wale wavulana walikuwa wameanza kukuita bibi na kukuomba korosho.

Nisiseme uongo kwa kuwa hupo kunisahihisha: Hawa alifungwa vibaya. Mchezo wa kwanza, akafungwa. Wa pili, akafungwa na mvulana aliyekuwa anatazama dirishani kabla hajaamua aende wapi. Alitoka darasani akajificha nyuma ya jengo, akalia kwa kwikwi, akasema wale wa kwa kinyozi walisema kweli. Nilimkumbatia. Nilikutazama wewe uje uokoe jahazi, na nikakuona umegeuka upande mwingine kabisa. Nilikasirika, mama. Sikujua ulikuwa umeona nini.

Ulikuwa umemwona msichana mwembamba aliyesimama kwenye dirisha la darasa na ndoo ya maji ya kunywa. Alikuja na timu ya shule yao ya Tingi, lakini kwa kazi ya kuwahudumia wachezaji. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anahesabu hatua za watu waliokuwa ndani.

"Mwanangu, unajua mchezo huu?" ukamuuliza.

"Najua kidogo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona hukuingia?"

"Timu ni ya wavulana."

Ukatandika kanga yako chini, ukatoa ubao kwenye mkoba. "Njoo unifunge," ukamwambia. Na alikufunga, upesi hata hukuwahi kumficha malkia. Ukapiga makofi yako yale, kiwanja kizima kikageuka. "Jamani, mtoto wa Tingi kanifunga!"

Hawa aliacha kulia ili asikie. Akasogea, akapangusa macho, akakaa. Yule msichana alisema anaitwa Tatu. Walicheza hadi waratibu wakamtafuta Hawa kwa mchezo wa tatu, naye akaingia huku akicheka, akashinda, kisha akarudi mbio kwenye kanga kuendelea. Wasichana wengine waliokuja kushangilia wakakaa pembeni, wengine wakaomba wafundishwe. Wewe, uliyekuwa hujui kumlinda mfalme wako, ndiye uliyekuwa unawafundisha. Mwalimu wa Tingi alisimama juu yenu mikono nyuma, akatazama mchezo mmoja mzima, kisha akaichukua ile ndoo ya maji akayagawa mwenyewe. Mwaka uliofuata Tatu alikuja na jina lake kwenye orodha ya wachezaji.

Hawa hakurudi na kikombe. Alirudi na rafiki. Kwenye basi alikulalia begani njia nzima, na alipofika alimweleza baba yake kila mchezo, pamoja na aliofungwa. Hasani hajui chesi hadi leo, lakini tangu hapo ndiye anayewapeleka wasichana stendi na kumpa dereva maagizo mengi kuliko inavyohitajika.

Kuna jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Ulipoanza kuugua, mikono ikakosa nguvu ya kukuna nazi, alasiri moja uliniita nikiwa nafua. Nikadhani unataka maji.

"Kaa," ukasema. "Miaka yote unatupikia mihogo na kutuangalia. Wewe huipendi chesi?"

Nikakwambia nina nguo za kufua.

"Nguo hazikimbii. Nimewafuata watoto wa watu hadi mlango wa mwisho, nikamsahau binti aliye ndani kwangu."

Uliniita binti, mama. Nilikaa. Ulinifundisha kwa siku nyingi, kidogo kidogo, kwa kadiri pumzi ilivyokuruhusu. Nami nilikuwa mzito kuelewa kuliko hata wewe. Siku uliyonifunga kwa mara ya kwanza ulicheka hadi ukakohoa, Hasani akaja mbio. "Alhamdulillahi," ukamwambia, "hatimaye nimempata wa kumfunga." Huo ndio ushindi wa kwanza niliowahi kukuona ukiupata, na ninajivunia kwamba niliufanikisha mimi.

Sasa Jumamosi naziendesha mimi. Hawa yuko sekondari ya bweni, anakuja likizo na kunifunga huku anapiga miayo, kama alivyokufanyia. Baraza halitoshi, tumetandika mkeka mpaka uani. Lakini nyumba imekuwa na ukimya ambao kelele za watoto haziuondoi. Kuna nyakati natia chumvi nyingi makusudi, nikasubiri.

Jumamosi iliyopita, Hawa akiwa likizo, alikuja mtoto mpya, mdogo wa Salma, bado ana mapengo. Aliwasikia wakubwa wakikutaja, bibi alisema hivi, bibi alifanya vile, mpaka akashindwa kuvumilia.

"Huyo bibi alikuwa bingwa?"

Hawa alicheka. "Bingwa? Hakunifunga hata siku moja."

"Sasa mbona mnamsema kila saa?"

Hawa alimwangalia mtoto, akaondoa kete zake ubaoni katikati ya mchezo aliokuwa anashinda, akasogea ili papatikane pa kukaa.

"Njoo," akamwambia. "Nifunge mimi."

Pumzika, mama. Mwenyezi Mungu akuweke mahali penye nafasi na majirani wa kupiga nao kelele.

Mimi mkamwana wako,
Mama Hawa